Ndege Iliyumba kwa Kosa Langu, Shangazi Ndiye Anaitwa Mchawi

Mpendwa mshauri Mama Goodness, shikamoo. Naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, maana nina aibu hata ya kujitazama kwenye kioo. Mimi ni kijana wa Sapiwi, nimepanga chumba Somanda, na kazi yangu ni kusimamia watu wanaoruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege ndogo. Juzijuzi tulipata kazi ya kuruka juu ya uwanja wa kijijini kwetu siku ya ngoma baada ya mavuno, na baba yangu, mzee Machibya, kiongozi wa kikundi cha ngoma, amenifundisha tangu utotoni kwamba kikundi kinachoingia uwanjani mmojammoja kimeshashindwa kabla ya kucheza, basi nikataka sisi nasi tutoke kwa mkupuo, nyumbani waone.

Sheria yetu ni kwamba warukaji wakae mbele, karibu na rubani, wasogee mlangoni wawiliwawili, kwa sababu mlango uko nyuma na ndege ikipunguza mwendo haitaki uzito mkiani. Sheria hiyo huwa naitangaza mimi mwenyewe kabla ya kila safari. Siku hiyo niliwaita wote wanane mlangoni kwa mara moja, pua ikanyanyuka, mabawa yakaacha kubeba, ndege ikalala ubavu na kuanza kuanguka huku inazunguka, wengine tukarushwa nje, wengine wakajitupa, na rubani wetu Rogasian akabaki peke yake humo ndani akihangaika nayo mpaka akaielekeza pua chini, ikashika upepo tena ikiwa karibu kabisa na mashamba. Mungu ni mwema, hakufa mtu. Kazini ukweli wanaujua, Rogasian alinigombeza mbele ya wote na nimesimamishwa, ila nyumbani nimesema niko likizo.

Sasa Mama, kijijini watu walianza kuulizana ni nini kiliivuta ndege chini, na mmoja akasema alimwona shangazi yangu Anjela, dada yake baba, mjane anayeishi peke yake, akiinyooshea ndege kidole kabla haijaanza kuzunguka. Baba akaniuliza mimi niliyekuwa ndani, "Hiyo ndege ilikuwa nzima?" Nikajibu ilikuwa nzima, jambo ambalo ni kweli, nikaishia hapo, nikaona ananitazama kwa huruma badala ya kunitazama kama mpumbavu, na nikafurahi. Tangu hapo hakuna anayechota maji pamoja na shangazi, kuku wake wamepigwa mawe, na mwisho wa mwezi ukoo unakutana kumfukuza, nami ndiye shahidi. Nilipokwenda kumsalimia hakulalamika, alisema tu, "Ng'wana wane, mwanangu, nilijua umo humo. Niliona mkia unashuka, nikaonyesha kwa kidole ili wakuombee." Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Je, nikisafiri siku ya kikao, nisitoe ushahidi wowote, nitakuwa nimemkosea?

Mwenye Aibu, Somanda

MAMA GOODNESS ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Aibu. Ndiyo, utakuwa umemkosea, na usijifanye hujui. Kosa la ndege lilikuwa la muda mfupi, ulitaka kumfurahisha baba yako, hilo nalielewa na pole sana, na mwajiri wako ameshakuadhibu. Hili la pili unalirudia kila asubuhi unapoamka. Ulisema nusu ya ukweli, na hiyo nusu uliyoimeza ndiyo inayompigia shangazi yako mawe. Tena ulifurahi, umeandika mwenyewe. Mama mzima akishaitwa mchawi mambo hayaishii kwenye kuku, na wewe mzaliwa wa huko unalijua hilo kuliko mimi mtu wa kuja.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi ni mbali mno. Ukiweka gazeti chini, panda bodaboda. Pitia kwanza polisi na kwa mtendaji wa kata, uwaambie kuna mjane anatishiwa, na usione haya kumtaja baba yako. Kisha mwombe shangazi aje akae kwako Somanda. Akikataa kuacha nyumba yake, wewe lala huko. Rogasian naye umwombe radhi, maana ulimwachia ndege inayoanguka, halafu umwombe aje kwenye kikao. Ila asikusemee.

Wazee usiwachoshe kwa maneno ya kitaalamu. Chukua mkokoteni wa baba yako, pakia magunia yote ya pamba nyuma, kisha waulize itakuwaje. Hakuna mtu Sapiwi asiyejua: mti wa mbele unanyanyuka, nira inawakaba ng'ombe, safari imeisha. Waambie ndege nayo ni hivyohivyo, na aliyepakia vibaya ni wewe. Baba atakasirika, mwache akasirike. Huenda kikundi chake kikakutungia wimbo wa kukucheka, na wimbo wa ngoma za kwenu hausahauliki mapema. Vumilia, uucheze.

Ukimaliza kusema, usirudi kukaa upande wa wanaume. Nenda pale alipoketi shangazi yako, piga magoti, umwombe radhi kwa sauti ileile uliyowaitia wale wanane mlangoni.