Filamu Ulizonitafsiria

Kwako uliyekuwa mume wangu,

Neno "mpendwa" nimeliandika, nikalikata. Tusianze kwa uongo, tumeshaula wa kutosha. Juzi shangazi yako alikuja kwenye duka langu la kushona, hapa Gisimenti, Kigali. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai, akasifia vitambaa vyote mpaka vile vibovu, ndipo akatoa alichotumwa. Ati unataka kurudi nyumbani Kinyinya, miaka mitatu baada ya kwenda Kampala "kwa wiki mbili". "Mwanangu," akaniambia, "mwanaume akirudi mwenyewe hafungiwi mlango." Anataka jibu kabla ya Jumapili. Jibu ndilo hili, na nimeliweka wazi bila bahasha, alisome yeye na walisome ndugu zako wote kwenye kundi la ukoo. Ukiachiwa ulisome peke yako utawasimulia mambo mengine kabisa.

Najua utafanya hivyo kwa sababu mwaka huu wote nimekuwa nikitazama filamu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Mchana, ukumbi wa sinema kule mjini, wewe kushoto, mimi kulia, bisi katikati. Mimi mtoto wa Karagwe niliyesoma kwa Kiswahili mpaka nikaacha shule, wewe Mnyarwanda uliyekulia Kampala, unayeota kwa Kiingereza. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, na wifi zangu walikicheka. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na kwa Kiswahili hicho ulininong'oneza sikioni filamu nzima, neno kwa neno, nilivyoamini. Watu wa nyuma waliguna. Mimi nilijiona malkia. Niliwaambia wenzangu kanisani, mume wangu hanywi, hapigi, na filamu ananitafsiria. Nilikupenda kwa hilo kuliko kwa ile nyumba uliyojenga.

Ulipoondoka, Kiingereza nikajifunza kwa lazima. Wateja wangu wengi wanatoka Nyarutarama, kwa matajiri na wageni. Mtu akikwambia bega linabana, wewe ukaelewa limelegea, gauni limeharibika na jina lako limeharibika nalo. Nilianza na bega, kiuno na pindo, nikaenda hivyo hivyo mpaka nikajikuta nasikia habari za waume zao. Hapo nikamwomba jamaa wa duka la filamu aniwekee kwenye flashi zile tulizotazama mimi na wewe, zote anazoweza kupata. Nilitaka kukukumbuka vizuri, na naona aibu kuliandika hilo.

Nazitazama saa ya chakula, kompyuta juu ya meza ya kukatia, pamoja na Mama Aline ninayeshirikiana naye chumba cha duka. Yeye Kiingereza alikisoma shuleni. Ya kwanza ilikuwa ile ya mwanamke rubani. Filamu yenyewe mbaya, magari yanafukuzana nusu saa na hakuna anayeishiwa mafuta. Lakini mwisho, pale uwanja wa ndege, mumewe amemshika mkono na yeye anaongea machozi yanamtoka, uliniambia anamwomba msamaha, kwamba kazi imemharibu na atarudi kupika. Nilimhurumia. Sasa nimemsikia kwa masikio yangu. Anamwambia, "Sirudi, na usinitafute."

Nikairudisha nyuma mara tatu. Mama Aline akaacha kutafuna. "Dada, huyu iko anasema harudi. Bwana yako arikwambia nini?"

Nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Ikaja ile ya kuchekesha, ya mama mkwe. Ukumbi mzima ulikuwa unaanguka kwa vicheko, nami nakuvuta shati, wanacheka nini? "Ni utani wa Kizungu, hautafsiriki." Basi nikakaa na bisi zangu, nacheka wenzangu wakishamaliza. Unajua utani wenyewe ulikuwa upi? Mwanaume mzima anatafuta soksi zake nyumba nzima, huku amezivaa. Hilo ndilo halitafsiriki? Mtoto wa chekechea angelitafsiri. Ila uliona linakugusa, ukalimeza, ukaniacha nimekaa pale kama kiti. Hiyo filamu ni nzuri sana, nakwambia. Nimeitazama mara mbili na nitaitazama tena.

Ile ya chombo cha anga, kwa upande mwingine, uliitafsiri mpaka nati. Saa tatu za mwanaume mmoja anaokoa dunia na hakuna hata mtu anayempikia. Kila mtambo uliutaja jina, kila kitufe. Nililala, ukaniamsha usije ukanipita mlipuko. Kumbe ulipotaka, uliweza. Hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda, kwa sababu mpaka siku hiyo nilikuwa bado nakutetea, nikisema labda na wewe Kiingereza chako kilikuwa na matundu.

Nilitazama na mpya, nisikudanganye. Mama Aline alinipeleka kuona moja iliyotengenezwa hapa hapa Kigali. Nayo kazi bure, kila mtu tajiri, kila mtu anashuka ngazi za jumba la kifahari polepole akiwa amenuna. Niliona mishono ya nguo zao nikaumwa kichwa. Lakini nilikuwa naelewa kila kitu, Kinyarwanda chote na Kiingereza chote, na nikatoka nikiiponda kwa sauti barabarani. Hujui raha ya kuponda kitu ulichokielewa mwenyewe. Miaka sita ulinifanya niipende takataka kwa sababu tu umeninong'oneza wewe.

Sasa nakuja kwenye ile ya nchi ya theluji.

Najua unaijua. Tuliitazama wiki tano baada ya hospitali. Ndugu zako wanaosoma hapa wengine hawakuambiwa, kwa sababu ulikataza lisitajwe, basi mimi nalitaja. Tulizaa mtoto wa kiume wa miezi saba, akaishi siku moja. Ulimzika wewe na kaka yako, mimi nikiwa bado kitandani. Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kuosha gari.

Kwenye filamu, mke anakunja vinguo vidogo. Mume yuko jikoni, amempa mgongo, bomba linatiririka. Halafu anageuka na kusema kitu. Nilikuwa nimeegemea bega lako, nikakuuliza, anasema nini? Ulichelewa kujibu. Ukasema, "Anamwambia wataenda matembezi, wakapumzike." Nikawashangaa Wazungu. Tukiwa garini nikakuuliza kama na sisi tunaweza kwenda mahali, hata Gisenyi ziwani siku mbili. Ukasema ofisini kuna kazi nyingi.

Mwezi uliopita nilimsikia yule mwanaume. Anasema, "Alikuwa wangu pia. Usimlilie peke yako."

Nilizima kompyuta. Mama Aline akaenda kufunga mlango wa duka mchana kweupe, akageuza kibao.

Kwa wiki nzima nilijaribu kukusamehe. Nikajisemea ulinionea huruma, hukutaka kunitonesha kidonda. Shangazi yako naye ndivyo alivyosema nilipomsimulia. Huenda nusu yake ni kweli. Lakini kidonda kilikuwa changu na nilikuwa nimekijua usiku na mchana, hukuwa na cha kunificha. Ulijificha wewe. Ungeninyima vicheko vyote na marubani wote, ningekununia mwaka mmoja, yakaisha. Hilo neno moja siwezi. Lilikuwa limeshatungwa, limeshasemwa, na mwanaume asiyetujua, mbele ya ukumbi mzima. Wewe ulitakiwa kulivusha tu kwa Kiswahili, na giza lile, na sikio langu likiwa mdomoni mwako, ningelipokea kama lako. Lingenitosha hata leo. Ningekungoja hiyo miaka mitatu, mjinga mimi.

Badala yake nilimlilia bafuni, maji nimeyafungulia yote, usinisikie.

Kwa hiyo Jumapili usije. Shangazi naye asisumbuke tena, chai yangu yuko huru kuja kuinywa bila ujumbe. Mlango nimeufunga mimi, na leo asubuhi nimemwambia hivyo kwa Kinyarwanda, kibovu kibovu, akanielewa.

Ni mimi,
mama wa mtoto aliyekuwa wako pia.