Mabomba Hayang'olewi

Machi 3

Binti yangu,

Hamjambo wewe na wanao? Nimefika salama. Mzima, ila mikono bado inatetemeka kama ulivyoiona.

Nakuandikia kwa aibu. Mabomba niliyokufungia bafuni yamepinda. Niliona siku ileile nikanyamaza. Kaka yako naye aliona, ndiyo maana akacheka. Mwite fundi mwingine ayang'oe kabla hujafunika ukuta kwa bodi za jipsamu. Au yazungushie vile vifuniko vipana vya plastiki, watu wasione. Mimi ufundi basi. Vyombo vyangu vya kazi navitafutia mnunuzi.

Baba yako

Machi 10

Baba,

Shikamoo. Pole na mikono. Sisi wazima, watoto wanakuulizia kila siku.

Sasa nisikilize. Mabomba hayang'olewi! Nimeyafungulia maji wiki nzima, hata tone halijavuja. Yamepinda, sikudanganyi, yote yameinamia mlangoni kama watu wanaosikiliza umbea. Kwani maji yanajua?

Na vifuniko sinunui. Hivyo ni vya fundi aliyetoboa ovyo akaona haya. Nafunga bodi kwenye nyumba za watu kila siku, nishindwe na bafu langu? Vyombo ole wako uviuze.

Binti yako

Machi 14

Binti yangu,

Marahaba. Wasalimie wajukuu.

Wewe mbishi! Tundu la duara halikubali bomba lililoinama. Utabaki na pengo, utalijaza plasta, plasta itapasuka. Wageni watauliza ni kazi ya fundi gani, nawe utanitaja mimi. Miaka yote sijawahi kuchekwa. Nionee huruma, mwanangu. Ng'oa.

Baba yako

Aprili 2

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Usinune kwamba nimechelewa kujibu, nilikuwa kazini bafuni kwangu.

Nimemaliza. Nilipaka rangi ya mdomo kwenye ncha za mabomba, nikaisukumia bodi, ikatoka na alama, vilevile ulivyonifundisha. Unakumbuka Mama alivyokuwa akitugombeza kwa kummalizia rangi yake?

Mara ya kwanza nilitoboa duara. Ulisema kweli, bomba halikuingia, bodi nzima ikaharibika. Nikafoka peke yangu, nikachukua nyingine. Safari hii kila tundu nililichonga refu kidogo kufuata bomba lake linavyoinama, nikapiga msasa. Nikaacha upenyo mwembamba, maana bomba la maji ya moto hutanuka, nikaujaza gundi ya mpira badala ya plasta, nikailainisha kwa kidole chenye maji. Kifuniko hakuna hata kimoja.

Kaka alikuja. Akachungulia, akagusa, akauliza kazi ya nani. Nikamwambia mabomba ya Baba, matundu yangu, cheka sasa. Hakucheka.

Jikoni ukuta bado uko wazi, bomba hata moja hakuna. Fundi mwingine haingii humo. Usipokuja tutachota maji kwa ndoo mpaka wajukuu zako waote mvi.

Binti yako mbishi

Aprili 9

Binti yangu,

Marahaba. Mikono ni ileile, usitegemee miujiza.

Yule mnunuzi alikuja. Alipoishika tu spana yangu kubwa nikamnyang'anya. Kaondoka ananung'unika, shauri yake.

Nafika Jumamosi. Bodi za jikoni usizikate kabla sijaja. Mabomba nitayafunga yatakavyokaa, nawe utayafuata hukohuko, si umejitakia mwenyewe? Rangi ya mdomo nakuja nayo.

Baba yako, fundi bomba