Drili Haijatoka Getini

5 Machi, asubuhi

Bibi, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo hauko sawa.

Mdogo wangu Domo amefika huko? Jana hakurudisha drili stoo, na chumbani hakulala. Hapa saiti kila chombo kimebandikwa kidude kinachoongea na simu yangu. Ikifika saa kumi na moja jioni, ambacho hakijarudi kinawaka chekundu, na jina la aliyekichukua linawaka nacho. Msimamizi ameniamuru nimwandike kwenye orodha ya wezi pale getini. Nimemwandika, Bibi. Na mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Akitokea, mwambie airudishe tu, nitamwombea msamaha.

Mjukuu wako, wa stoo

5 Machi, mchana

Marahaba. Miguu iache.

Umemwandika nani mwizi? Ndugu yako wa tumbo moja?

Domo hajafika. Mtoto yule hahamishi hata kitanda bila kuwatangazia majirani, leo aondoke na mashine ya watu kimyakimya? Nijibu, usinizungushe. Ulipokuja likizo ulinikalisha kutwa nzima unanisifia hicho kidude, eti kitu kikivuka geti bila ruhusa kengele inalia mpaka mbwa wanatimua mbio. Haya, ililia?

Usinipigie. Sikio langu kwenye simu limekufa, unajua. Andika.

Bibi yako

5 Machi, saa tisa alasiri

Bibi, haikulia.

Nimefungua ramani kwenye simu. Drili ilionekana mara ya mwisho jana saa tisa na dakika ishirini, kwenye mtaro wa mabomba nyuma ya jengo. Baada ya hapo kimya. Msimamizi anasema Domo alikibandua kidude akakitupa humo, kisha akaruka ukuta. Na mtaro wenyewe ukingo wake ulibomoka jana hiyo hiyo kwa mvua. Leo asubuhi katapila limeufukia, utachimbwa upya ukikauka.

Usinikasirikie.

Mjukuu wako

5 Machi, saa tisa na nusu

Sikusalimii.

Soma tena ulichoniandikia. Soma polepole, wewe si ndiye uliyesoma? Mimi niliishia darasa la pili na nimeshaelewa.

Drili imehesabiwa, nyundo zimehesabiwa. Watu kawahesabu nani?

Inuka hapo stoo. Nenda kasimame mbele ya hilo katapila, piga kelele mpaka wakuone kichaa. Wakikufukuza kazi, rudi nyumbani, jembe lipo. Wakikataa kuchimba, chimba mwenyewe, kwa koleo, kwa kucha, kwa chochote. Usipokwenda, kwangu usikanyage.

Nenda sasa! Unasoma nini tena?

Bibi yako

6 Machi

Uko wapi? Nimeikodolea macho simu hii tangu jana mpaka shingo imekakamaa. Umekwenda? Wamekupiga? Niandikie hata neno moja. Hata baya.

Bibi

7 Machi

Bibi yangu, shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nilikwenda. Msimamizi alinisukuma, lakini mafundi waliweka kazi chini wakachukua makoleo. Tulichimba mpaka jana adhuhuri. Tulipofika kina cha kupita kichwa simu yangu ikaita kwa furaha: “Chombo kimepatikana.” Ikaniuliza kama niondoe alama nyekundu.

Drili ilikuwa mkononi mwake, Bibi. Alikuwa anakaza mbao za kuzuia ule ukingo.

Nilishindwa kukuandikia jana. Sasa wakubwa wa saiti wanataka nitie sahihi kwamba alishuka bila ruhusa, ndipo watoe gari la kumleta huko tumzike. Nifanyeje?

Mjukuu wako

7 Machi

Mjukuu wangu, marahaba. Nimekaa.

Usitie sahihi. Gari lao walipande wenyewe. Wajomba zako wameshatoka na pikapu, jioni watakuwa hapo.

Ile karatasi ya getini ibandue kwa mkono wako, mchana kweupe, mafundi wote wakiona, na useme kwa sauti kwamba ulikosea. Si msimamizi. Wewe, maana mwandiko ni wako. Siwezi kukwambia si kitu. Ni kitu, na nitakugombeza nacho mpaka nichoke.

Lakini ulichimba. Hilo nalo nimelisikia.

Najua hujala tangu juzi. Kula. Osha hiyo mikono, ifunge kitambaa, kunywa maji. Mjukuu nimebakiwa na wewe tu, usije ukaniangukia njiani.

Bibi yako