Kitambaa Kisichobanduliwa

Mjukuu wangu Nyamisi,

Habari za Arusha? Sisi hapa Mukendo hatujambo. Mama yako yuko Butiama, anavuna mihogo na shangazi zako.

Umeandika kwamba mnatengeneza kitambaa cha kuzuia damu, cha nyuzi nyembamba kuliko unywele, kutokana na maganda ya kaa. Ukaniuliza sisi zamani tulitumiaga nini.

Tulitumia kitenge. Nikiwa msichana, tulikuwa kambi ya wavuvi kisiwani Rukuba, na kaka yangu Magesa alijikata paja kwa panga akipasua kuni. Nilivua kitenge, nikakikandamiza kwenye kidonda kwa mikono miwili mpaka mtumbwi uliotubeba ukafika Musoma. Damu ilikuwa imesimama. Nikamshukuru Mungu.

Hospitalini nesi akasema, "Lazima kitoke, nione kidonda."

Kilikuwa kimekauka na kushikana na nyama. Alikilowesha, akakibandua taratibu, lakini damu ilitoka upya, nyingi kuliko mwanzo. Magesa, ambaye ziwani hakutoa sauti, hapo alilia akimwita mama. Alipona. Ila niliona siku ile kwamba kuzuia damu ni kazi moja, na kukitoa kilichoizuia ni kazi nyingine.

Jana nilikwenda Nyasura kumsalimia Magesa, nikamweleza kwamba kitambaa chako kitayeyuka chenyewe mwilini.

"Hakibanduliwi?" akauliza.

"Hakibanduliwi, kaka."

Akalipapasa paja lake. Kisha akasema, "Mwambie huyo mtoto asichoke."

Nami nimefikisha.

Bibi yako,
Nyabise