Makalio ya Mdogo Wako na Mizani ya Buchani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu zikufikie huko ulikokwenda kujificha, hata kama baridi imekugandisha masikio. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mama yako, dada yangu, goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako, Njiti. Najua kwenye simu anakuambia, "Niko poa tu, kaka." Hayuko poa. Ameamua kuongezewa makalio.

Usicheke, nimeshacheka kwa niaba ya ukoo mzima. Daktari anakulaza kwa nusu kaputi, ananyonya mafuta tumboni na mapajani kwa mrija, anayachuja, halafu anayadunga huko nyuma. Yaani mali yako mwenyewe inahamishwa chumba kimoja hadi kingine, nawe unashukuru! Nimeendesha lori miaka mingi, nimehamisha watu na makabati yao, na sijaona kabati likiongezeka kwa kuhamishwa.

Chanzo ni lile duka la nguo anakouza. Bosi wake alimwambia mbele ya wateja kwamba sketi akiivaa yeye inaonekana bado iko kwenye hanga. Mtoto akarudi nyumbani akalala bila kula. Ningekuwepo mimi, yule mwanamke angefunga duka akahama. Unanijua: mimi ndiye niliyeshusha lori lisilo na breki mlima mzima kwa kulikaripia tu.

Basi nikampeleka hospitali, maana lazima awepo mtu mwenye akili. Daktari ni kijana, miwani mikubwa, shingo ndogo. Akampima Njiti uzito, akambinya tumboni, akasema, "Dada, hapa hakuna cha kuvuna. Kaongeze kilo chache, polepole, uzito utulie, ndipo urudi." Halafu makatazo: asivute sigara wala asikae kwenye moshi wa mwenzake, asimeze dawa za maumivu zinazofanya damu iwe nyepesi, chai za mitishamba aache mpaka aulize. Kwa hiyo mimi mwenye nyumba siku hizi navutia sigara yangu barabarani kama mlinzi, kwa heshima ya makalio ambayo hayajazaliwa.

Mama yako akaanza kumlisha. Mizani hatuna, nikaona tumpeleke kwa muuza nyama wa kona, kwenye ile mizani ya chini anayopimia mapaja ya ng'ombe. Njiti akavua viatu, akapanda.

"Nikatie mbavu hapo!" mteja mmoja akapiga kelele.

"Hapo ni mbavu tupu, nyama agiza kesho," mwenzake akamjibu.

Lakini wiki ya kwanza tu, kilo alizoagizwa zikawa zimetimia! Njiti akacheka nao, uso unang'aa. Mimi nikawatangazia pale pale kwamba ukoo wetu tukiamua kunenepa hatuhitaji kalenda. Mama yako akaridhika, akaacha kumsukumia sahani.

Siku ya kurudi hospitali alivaa gauni jipya. Nesi akampandisha kwenye mizani yao. Mpwa wangu, hajaongezeka kitu! Daktari akavua miwani, akasema hatukufuata alichosema, akaahirisha upasuaji. Njiti alilia kutoka mlango wa chumba hadi geti.

Tulipofika kona ndipo nikang'amua, maana kichwa changu hakilali. Mizani ya buchani inazidisha! Mtaa mzima unajua. Tukinunua nyama kila mtu anapunguza kichwani, tunalipa, tunaondoka bila ugomvi. Alipopanda binadamu, hakuna aliyepunguza: si mama yako, si wateja, si muuza nyama mwenyewe aliyekuwa akimpongeza. Nilipomwendea akanijibu bila haya, "Mzee, mizani yangu ni ya ng'ombe. Ng'ombe hajawahi kulalamika." Kichwa kama gogo la kukatia nyama.

Njiti alipoelezwa hakutaka kusikia. Moyo ulishavunjika. Ndipo akampata mshauri, mwanamke mmoja wa saluni ambaye nyuma ya pazia anachoma watu sindano za makalio. Hakuna kunenepa, hakuna kupimwa damu. Unaingia bapa, unatoka umejaa. Hapo sikucheka tena. Kuna binti mpishi hapa gereji aliyechomwa vitu hivyo. Mpaka leo analala kifudifudi, na nyama zimekuwa ngumu kama tairi, na homa haimtoki.

Nilimfuata Njiti huko saluni. Nikamkuta ameshalala kwenye benchi, uso chini.

"Hayo mafuta umeyatoa kwake?" nikamuuliza yule mwanamke.

"Baba, haya ni mambo ya wanawake. Kasubiri nje."

"Nitasubiri ukishaniambia yametoka kwa nani."

Akafungua friji. Katikati ya soda akachomoa chupa ya maji ya kunywa, imejaa kitu kizito cheupe, haina hata kikaratasi cha jina. "Yanatoka nje ya nchi," akasema kwa maringo.

"Hata vumbi linatoka nje," nikamwambia.

Watu watakusimulia kwamba nilimbeba Njiti begani nikatoka naye kupitia ukutani. Waache waseme, bega ninalo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeinua kichwa, akaitazama ile chupa, akatafuta viatu vyake.

Sasa anakula tena, na kupimwa anakwenda zahanati. Daktari amempa tarehe ya mwezi ujao. Ninachokuomba ni hiki: mpigie. Usimcheke, kazi hiyo niachie mimi. Mwambie hata wakimwahirisha mara ya pili na ya tatu, asirudi nyuma ya lile pazia. Wewe anakusikia, mimi ananiogopa tu.

Msimamo wangu haujayumba: ni upuuzi mtupu, na yule bosi wa sketi ndiye anayehitaji kupasuliwa, tena kichwani. Makalio aliyozaliwa nayo Njiti hayajawahi kushindwa na kiti. Jana jikoni nilimwambia hivyo hivyo. Akaendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Mjomba, siku hiyo nataka uje wewe. Nikizinduka wote wataniambia nimependeza. Wewe utaniambia kweli."

Nimekubali. Shati nimeshalipiga pasi.

Mama yako anakusalimu sana, na babu yako, ambaye siku hizi masikio yamemchoka, anauliza kama huko kuna watu wanaosema kwa sauti ya kusikika. Nisalimie mkeo na wale mapacha. Mungu akufunike kwa mkono wake na afukie kila shimo lililo njiani kwako.

Ni mimi nikupendaye, hata nikifoka,

Mjomba wako, Dereva.