Mguu Uliokataa Mikono ya Mama

Burumba, Busia
Alhamisi

Kwako Mama,

Yoga noi, salamu nyingi kutoka huku Burumba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo umepungua kuuma. Mdogo wangu Emong amepona homa? Mimi niko salama, Zainabu mwenye duka anakusalimu sana, na nimeandika herufi kubwa ili usisumbuke kutafuta miwani. Kwa simu ningeanza tu ungenikatiza, nakujua.

Mama, natembea! Sichechemei tena. Jana nilitoka hapa dukani hadi Mundika kwa miguu, nikarudi, na kile kifundo cha kulia hakikuvimba hata kidogo. Zainabu alinishika mguu akaulinganisha na ule mwingine, kisha akapiga vigelegele mbele ya wateja waliokuwa wakichagua vitenge. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Najua habari hii itakuchoma pia. Tangu mwezi wa tatu umekataa kumkanda mtu yeyote hapo Chakol. Emong ameniambia Mzee Opolot alikuja na bega lililokaza ukamrudisha, ukasema kama mikono yako imeshindwa na mtoto wako mwenyewe, wa jirani utamfanyia nini. Maneno hayo yananikosesha raha hata leo ninapofurahi hivi.

Sasa nikueleze nilivyopona. Kwa wiki kumi na mbili, kila Jumanne, nimekuwa nikienda kwa daktari wa viungo hapa mjini, anaitwa Ignatius, mpole lakini hana mchezo. Siku ya kwanza alinitaka nisimame kwa mguu mmoja. Sikufika hata hesabu ya tano, nikamng'ang'ania koti nusura tuanguke wote. Akanipa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikifunge kwenye mguu wa meza na kukivuta kwa unyayo asubuhi na jioni. Hata kupiga mswaki napiga nimesimama kwa mguu mmoja, majirani walidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Sasa nafika sitini, tena macho nimefumba.

Lakini kabla ya hayo yote Ignatius aliniuliza mguu huu umeteguka mara ngapi. Nikasema mara moja, niliteleza kwenye mvua pale mpakani, kama nilivyokuambia wewe. Akaubonyeza, akanitazama, akauliza tena. Nikashindwa kumdanganya.

Mama, mara tatu ulinikanda, na kila mara uliniambia nitulie mwezi mzima nisikimbie. Nilikuitikia vizuri. Jumamosi ileile nilikuwa uwanjani Malaba nimefunga bendeji, nacheza netiboli na wenzangu wa sokoni, maana waliniambia bila mimi hawana mfungaji. Kila mara niliutegua upya, nikarudi kwako nikilia kwamba umekataa kupona. Ukaniamini mimi, ukaacha kuiamini mikono yako. Nilikuona siku ile umeketi unaitazama, nikanyamaza. Nilikuwa mwoga, na nimekukosea vibaya.

Ignatius alisema mguu uliotendewa hivyo usingeponywa na mtu yeyote. Na unajua sharti lake la kwanza lilikuwa nini? Mwezi mzima nisikimbie. Maneno yako yaleyale, ila yeye nilimtii.

Jumapili nakuja. Baada ya ibada nitaomba nafasi nisimame mbele ya kanisa, niseme mwenyewe ni nani aliyeuharibu mguu huu, na Mzee Opolot asikie. Ukitaka kunichapa, nichape kabla hatujaingia, ili nikisimama pale niwe nimeshamaliza kulia.

Nisalimie Emong, shangazi Magdaline na wote wanaoniulizia. Mungu akutunze mpaka nikuone.

Mimi mwanao mkosaji,
Akwii