Kiatu cha Kushoto

Laredo, Texas
9 Januari 2024

Mwanangu Yadira,

U hali gani huko San Antonio? Baridi haijakutoa kamasi? Mimi mzima, ila goti linanung'unika nikipanda ngazi. Jirani yetu Chayo anakusalimu. Anasema umenenepa kwenye picha, usimjali.

Najua unashangaa kupata barua. Simu nimempa Chayo aifungie kabatini mwake, maana nikiwa nayo nasoma mstari mmoja na kutazama tamthilia tatu. Ndiyo, nasoma. Kaa kwanza. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kuingia uuguzi, chuo kile kile cha hapa mjini.

Usicheke. Miaka yote hii nafua mashuka ya nyumba ya wazee, manesi wanapita, mimi nimekumbatia kapu. Nikajiambia, Herminia, utazikwa na kapu hilo. Sasa picha ya mifupa nimeibandika kwenye friji, na atakayetaka maziwa sharti ataje mifupa ya mkono mzima. Hesabu za sehemu ndizo zinazonitoa jasho.

Wewe umeipita njia hiyo mara mbili. Nidokeze basi, kwenye usaili huwa wanauliza nini?

Mama yako,
Herminia


San Antonio
22 Januari

Mama, shikamoo.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile, niko mapokezi kwa daktari wa meno, nawaambia watu wakae wasubiri. Uliposema nikae, sikukaa. Barua nimeimaliza nimesimama.

Hongera. Neno hilo nimeliandika na kulikata mara kadhaa kabla sijaliacha. Mama, uuguzi ulikuwa wangu. Nani alikuwa anafunga bendeji miguu ya meza? Mtaa mzima uliniita nesi hata sijaanza shule, na sasa watakuita wewe. Roho inaniuma, na sioni sababu ya kukuficha.

Halafu kuna jambo hujui. Nami nimejiandikisha tena, hapo hapo. Ni mara yangu ya tatu, na chuo hakiruhusu ya nne. Kwa hiyo mimi na mama yangu mzazi tunagombea mlango mmoja.

Kuhusu usaili, sikumbuki wanauliza nini. Ni zamani sasa.

Binti yako,
Yadira


Laredo
16 Machi

Mwanangu Yadira,

Marahaba. Afya yako? Mimi goti bado.

Kumbe ulikuja kwenye mtihani na usaili wako ukarudi siku hiyo hiyo bila kupita nyumbani. Chayo alikuona kituo cha basi. Supu ya utumbo ilikuwa jikoni, mama, na nilikuwa nimekuwekea bakuli lako la bluu. Nimeila mwenyewe bila hamu.

Majina yametoka. Katika walioingia, wa mwisho ni mimi. Chini yangu wamepiga mstari, na chini ya mstari jina la kwanza ni lako. Nililisoma nikakosa pa kuweka mikono. Mtu akijitoa kabla ya Ijumaa tarehe 5 Aprili, ambayo ndiyo siku ya kutia sahihi, unaingia. Baada ya hapo ni kungoja tu anayeacha mwenyewe.

Nusura nisiingie, na kosa ni neno moja. Kwenye usaili waliniuliza: mzee wa miaka themanini, jina lake Garza, amekataa dawa, utamwambiaje? Nikasema nitakaa kando yake, nimwambie, "Babu, meza hiki kidogo, Babu yangu." Nikaona kalamu zote zinainama. Kumbe mgonjwa pale si babu yako. Ni Bwana Garza, mpaka yeye mwenyewe akuambie umwite vingine. Nani kati yetu angelijua hilo? Mtaani kwetu ukimwita mzee Bwana Garza atadhani umekuja kumtoa kwenye nyumba.

Niandikie, hata kunitukana.

Mama yako,
Herminia


San Antonio
24 Machi

Mama, shikamoo.

Nililijua. Hilo la Babu nililijua. Ndilo lililoniangusha mara ya kwanza, na uliponiuliza nilikumbuka hata miwani ya yule msaili. Nikakuandikia kwamba sikumbuki. Nilitaka uanguke pale pale nilipoanguka mimi. Safari hii nilisema Bwana Garza bila kigugumizi, na bado umenipita. Umenipita kwa mifupa ya kwenye friji!

Supu sikuja kuila kwa sababu ningekukuta umefurahi.

Sasa naomba, na naomba bila haya. Jitoe, Mama. Una kazi, una nyumba, una Chayo. Mwakani unaweza kujaribu tena, mimi siwezi. Wafanyakazi wenzangu wameniuliza matokeo, nikawaambia bado. Sijui nitawaambia bado mpaka lini. Wewe ndiye mama, na hujawahi kuninyima kitu.

Binti yako,
Yadira


Laredo
8 Aprili

Mwanangu Yadira,

Marahaba. Natumaini unakula.

Ijumaa nilikwenda chuoni nikatia sahihi. Sikujitoa.

Nilimsomea Chayo barua yako. Akasema, "Mpe, mtoto ni mtoto." Chayo ana roho nzuri, tena hana mtoto. Mimi nilikaa nikawaza. Tangu uzaliwe, chapati ya mahindi iliyoungua ni yangu, nzuri ni yako. Paja la kuku lako, shingo yangu. Sikuona uzito wala sikudai shukrani. Lakini kiti hiki sikupi. Nikikupa, wewe utakuwa darasani na mimi nitakuwa nakunja mashuka huku nakuchukia, na sitaki kukuchukia. Heri unichukie wewe, bado kijana, utapoa.

Lile la Babu limenichoma, sitakudanganya. Nililia kwenye chumba cha kufulia, mashine zikiunguruma. Kisha nikacheka, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Unakumbuka siku uliyonunua viatu vyeupe vya uuguzi, hata kabla ya matokeo yako ya kwanza? Ulitembea navyo jikoni, kwi, kwi, kwi, ukasema, "Mama, nitazame!" Nami nikageuka nikaosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi, Yadira. Niliviosha tena ili nisikuone. Kwa hiyo usidhani wivu wako umeuokota San Antonio.

Hiyo orodha ya wanaosubiri itakuwa wazi mpaka karibu na kufungua masomo. Watu huugua, watu huhama. Ila mimi siugui wala sihami.

Mama yako,
Herminia


Laredo
30 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Simu nimeirudisha kwa Chayo kwa hiari yangu. Nilipokuwa nayo nilikuwa nakupigia tu, nawe hupokei, kwa hiyo bora karatasi.

Goti limepoa. Joto limetuzidi. Masomo yanaanza Jumatatu tarehe 26 Agosti. Bakuli la bluu lipo.

Mama yako


San Antonio
17 Agosti

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Hakuna aliyeugua, hakuna aliyehama. Kila wiki nilipiga simu chuoni kuulizia, na kila wiki nikawa nawaombea watu nisiowajua mikosi midogo, Mungu anisamehe. Juzi wameniambia orodha imefungwa. Nililia chooni kazini, kule hakuna mashine za kunifichia sauti, kwa hiyo wote wamejua.

Huku kuna chuo kingine, kidogo, mtihani wao ni Oktoba. Nimejiandikisha. Picha ya mifupa iko kwenye friji.

Ndani ya boksi hili mna kiatu kimoja, cha kushoto. Usilitikise ukitafuta cha pili. Viatu vile vimekaa chini ya kitanda changu tangu siku ile, na miguu yetu ni saizi moja, si unakumbuka nilivyokuwa nakuibia kandambili? Nilivifunga vyote viwili vije kwako. Nikafungua boksi. Nikafunga tena. Kimoja kikakataa kutoka mkononi mwangu.

Cha kulia nitakileta mwenyewe Jumapili, siku moja kabla hujaanza. Usije ukadhani wivu umekwisha, upo, nitapanda nao basi. Utavaa vyote viwili utembee jikoni, uende urudi. Nami nitavuta kiti nikae, nikutazame mpaka mwisho. Vyombo sitagusa.

Binti yako,
Yadira